Zilifungwa Julai, zikapasuka Oktoba: kisa cha eli ya choya mjini Mbeya

Wiki ya pili ya Oktoba, katika stoo ya nyumba moja mjini Mbeya, chupa 11 za bia ya nyumbani zilipasuka ndani ya siku tatu. Zilikuwa zimekaa humo kimya tangu mwanzoni mwa Julai. Agosti zilifunguliwa mbili: gesi kidogo, rangi nyekundu ya kuvutia, utamu uliobaki mdomoni. Septemba zikafunguliwa tatu, na povu likawa zuri zaidi. Oktoba vigae vya chupa vilikutwa vimetapakaa hadi mlangoni.

Mwenye bia hakusita kumtaja mkosaji: ua. Bia ilikuwa imetiwa choya, ambayo wengine huiita rozela, na choya ilinunuliwa sokoni ikiwa imeanikwa chini kwenye turubai. Kwa maelezo yake, vijidudu vya vumbi ndivyo vilivyoingia kwenye bia vikazaa gesi. Wanaotengeneza bia za maua hulitoa shtaka hili mara nyingi, na mara nyingine huwa la kweli. Katika kisa hiki si la kweli. Choya ina makosa yake, nayo tutayafikia, lakini chupa hizi zilipasuliwa na baridi ya Juni, na ushahidi wake ulikuwa bado umo stooni.

Eli ni bia inayochachuliwa kwa hamira inayopenda uvuguvugu, nyuzi 18 hadi 22 hivi. Ikitengenezwa nyepesi, yenye kilevi kisichofika asilimia 4 na uchungu kidogo, inafaa sana kwa miezi ya Septemba hadi Novemba, wakati Nyanda za Juu Kusini zina jua kali na mvua hazijakolea. Tatizo ni kalenda. Anayetaka kuinywa kwenye jua la Oktoba huipika kwenye baridi ya Juni na Julai, na Mbeya, iliyo karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hushuka usiku wa miezi hiyo hadi chini ya nyuzi 10.

Ilivyopikwa

Ndoo ilikuwa ya lita 20. Ndani yake kulikuwa na kilo 3.6 za kimea cheupe cha shayiri, gramu 25 za hopsi, maua yanayoipa bia uchungu, zenye asilimia 5 ya asidi ya uchungu, na gramu 250 za choya kavu zilizochemshwa pamoja na maji ya kimea kwa nusu saa ya mwisho. Haidromita, kipimo cha uzito wa kimiminika, ilisoma 1.038 kabla ya hamira. Maji safi husoma 1.000, kwa hiyo hizo alama 38 karibu zote ni sukari ya kimea.

Sufuria iliachwa uani usiku kucha ipoe, ikiwa imefunikwa. Asubuhi maji ya kimea yalikuwa na nyuzi 11. Hamira ilikuwa kavu, aina ya US-05, pakiti ya gramu 11.5, lakini ilitumika nusu tu ili nusu nyingine ibaki kwa safari ijayo. Ilinyunyizwa juu ikiwa kavu, moja kwa moja kwenye baridi hiyo. Ndoo ikawekwa jikoni kwenye sakafu ya saruji.

Povu lilionekana siku ya tatu. Siku ya nane mrija wa kutolea hewa uliacha kutoa mapovu. Siku ya kumi haidromita ilisoma 1.017, sampuli ikiwa na nyuzi 12. Mwenye bia alihitimisha kwamba kimea chake kilikuwa na sukari nyingi isiyoliwa na hamira. Siku ya 12 akaongeza gramu 140 za sukari ya gesi, yaani sukari ya mezani ya kuzalisha gesi ndani ya chupa, kwa lita 18.5 zilizopatikana, akajaza chupa 33 za kioo za nusu lita na chupa nne za plastiki za soda.

Hizo chupa nne za plastiki ndizo zilizoturahisishia kazi.

Washtakiwa watatu

Chupa ya bia ikipasuka huwa kuna mambo matatu ya kushuku: sukari ya gesi iliyozidi, bia iliyofungwa kabla ya kumaliza kuchacha, au kijidudu kigeni kinachokula sukari ambazo hamira ya bia huziacha. Vyote vitatu huishia kwenye gesi nyingi, lakini kila kimoja huacha dalili zake.

Sukari ya gesi tuliiondoa kwanza, kwa hesabu. Gramu 140 kwa lita 18.5 ni gramu 7.6 kwa lita. Sukari ya mezani ikiliwa yote hutoa karibu nusu ya uzito wake kama gesi ya kaboni, na hapo inapatikana gesi yenye ujazo mara mbili wa ujazo wa bia. Ongeza gesi iliyokuwa imeyeyuka tayari kwenye bia ya baridi, karibu 0.9, jumla ni 2.9. Bia ya kawaida huwa na 2.4 hadi 2.6. Hivyo 2.9 ni bia yenye povu la haraka, hasa Mbeya ambako hewa ya nje ni nyepesi na gesi hutoka kwa pupa kizibo kikifunguliwa. Chupa nzima ya bia haipasuki kwa kiasi hicho.

Wa pili ni kijidudu. Chupa moja ya plastiki ilipozwa kwa barafu, ikafunguliwa polepole ndani ya beseni, ikamwaga nusu yake kwa povu. Iliyobaki ilimiminwa kutoka glasi moja hadi nyingine mara 20 hivi hadi gesi ikaisha, ikaachwa ifike nyuzi 20, ikapimwa: 1.008. Hapo ndipo US-05 humalizia kazi kwenye kimea cha aina hii. Hamira pori au bakteria wangeendelea kula hadi 1.004 au chini zaidi, na bia ingekuwa nyepesi mdomoni kama maji. Hakukuwa na utando juu, wala pete nyeupe shingoni mwa chupa, wala harufu ya siki au ya plasta ya kidonda. Uchachu ulikuwepo, karatasi ya kupimia ilionyesha pH 3.3 (kipimo cha uchachu: kikishuka, uchachu umezidi), lakini huo ni uchachu wa choya yenyewe, na ulikuwa vilevile Agosti.

Kuna dalili nyingine ambayo mwenye bia alikuwa ameitaja bila kuipa uzito. Chupa zote 11 zilizopasuka zilikuwa kwenye rafu ya juu, chini ya mabati. Za chini, zilizosimama kwenye saruji, zilibaki nzima. Kijidudu hakichagui rafu. Joto ndilo linalochagua.

Anabaki mmoja: bia iliyofungwa kabla ya kumaliza kuchacha. Bia ilifungwa ikiwa inasoma 1.017 kwenye nyuzi 12. Haidromita nyingi hutengenezwa kusoma sawasawa kwenye nyuzi 20, na kimiminika cha baridi ni kizito zaidi, kwa hiyo kwa nyuzi 12 tunaondoa alama moja na kidogo: usomaji halisi ni karibu 1.016. Kutoka hapo hadi 1.008 ni alama 8 za sukari ya kimea zilizofungiwa ndani. Kila alama moja ikiliwa ndani ya chupa huongeza gesi nusu ya ujazo wa bia. Alama 8 ni ujazo mara nne. Jumlisha na 2.9 ya mwanzo, unapata karibu 6.9. Maana yake ni kwamba kila chupa ya nusu lita ilibeba karibu lita tatu na nusu za gesi, mara mbili na robo tatu ya bia ya kawaida. Tena gesi ileile husukuma kuta za chupa kwa nguvu kama mara moja na nusu zaidi ikiwa kwenye nyuzi 28 kuliko ikiwa kwenye nyuzi 13.

Sasa miezi yote inasomeka. Julai na Agosti stoo ilikuwa ya baridi, hamira imelala kwenye mashapo ya chupa, gesi ikiingia kidogokidogo. Septemba ikaanza kuamka, na ndiyo maana bia ya Septemba ilionekana imekomaa. Oktoba mabati yakashika moto, ikala kilichobaki.

Kwa nini hamira ililala

Mapovu kwenye mrija hayasemi kwamba sukari imekwisha. Yanasema tu kwamba gesi inatoka kwenye ndoo wakati huo. Ndoo ikipoa usiku, bia hushika gesi zaidi ndani yake na hewa iliyo juu ya bia hujikunyata, basi mrija hunyamaza hata kama hamira bado inatafuna. Ikishuka chini ya nyuzi 15, US-05 yenyewe huanza kuchoka, hujikusanya na kuzama chini kabla ya kumaliza.

Katika kisa hiki hamira ilianza safari ikiwa imeumizwa. Punje kavu zilizotupwa kwenye kimiminika cha nyuzi 11 hupoteza sehemu kubwa ya uhai wake wakati zikinyonya maji, kwa sababu ngozi ya seli bado haijawa tayari kuzuia vitu visivuje. Halafu zilikuwa nusu pakiti. Pakiti nzima huja na akiba ya mafuta ya kujengea seli mpya, hata usipotikisa ndoo sana. Nusu pakiti inalazimika kuzaana zaidi, na kuzaana kunahitaji oksijeni. Maji yaliyochemka hayana oksijeni, na kwa kimo cha Mbeya kanieneo la hewa ni pungufu kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na pwani, basi hata ukitikisa, kinachoyeyuka ni pungufu kwa kiasi hicho. Ndoo hii haikutikiswa kabisa. Choya nayo ilikuwa imeshusha pH kabla hamira haijaanza kazi, jambo linalopunguza kasi kiasi fulani. Mchango huo ni mdogo, lakini upo.

Bia hiyohiyo ingepikwa Kyela, karibu na Ziwa Nyasa, isingelala hata siku moja. Huko shida ingekuwa joto la ndoo kupita nyuzi 26, na bia yenye ukali wa kilevi unaochoma koo na kuumiza kichwa.

Kuna jambo moja la mazoea linalofaa kusemwa hapa kwa heshima. Nyanda za Juu Kusini zina wapishi hodari wa pombe. Mgema wa ulanzi Iringa, mama anayepika komoni kwa kimea cha ulezi, wanajua kuchacha kwa pua na sikio kuliko anayesoma haidromita. Ila pombe hizo hunywewa zikiwa bado zinachacha, zikiwa kwenye chombo kilicho wazi, leo au kesho. Sukari iliyobaki ni sehemu ya ladha yake na gesi huenda zake. Anayehamisha ujuzi huo kwenye chupa yenye kizibo hana budi kuongeza kitu ambacho komoni haikuwahi kuhitaji: uhakika kwamba kuchacha kumekwisha kabisa.

Kupata uhakika huo

Siku ile ile ya kutia hamira, chota mililita 250 za maji ya kimea yenye hamira, tia kwenye chupa safi, ongeza punje za hamira zinazojaa robo ya kijiko cha chai, funika kwa karatasi ya foili bila kukaza. Iweke ndani ya hotpoti ya chakula yenye maji ya nyuzi 27 hivi, badilisha maji yakipoa, tikisa kila unapopita. Baada ya siku tatu sampuli hiyo imekula kila inachoweza. Ondoa gesi, pima kwenye nyuzi 20. Nambari unayopata ndiyo mwisho wa ndoo yako. Kama sampuli imesimama 1.008 na ndoo iko 1.016, hakuna mjadala kuhusu aina ya kimea: ndoo imelala.

Ndoo iliyolala huamshwa. Ipandishe hadi nyuzi 20 au 21, izungushe taratibu ili mashapo yapande bila kuingiza hewa, subiri siku nne. Isiposhuka, chukua nusu pakiti mpya, iloweke kwenye kikombe cha maji yaliyochemshwa na kupozwa hadi nyuzi 27 kwa dakika 20, ongeza kidogokidogo bia ya ndoo hadi kikombe kianze kutoa povu, kisha mimina. Usifunge chupa hadi upate usomaji uleule mara mbili, siku tatu kati yake, na uwe umefikia nambari ya hotpoti.

Makosa ya choya

Bia hii hata isingepasuka isingekuwa nzuri. Ilikausha ulimi kama chai iliyosahaulika jikoni, na wekundu ulikuwa unaelekea rangi ya tofali.

Tunachokiita ua la choya si petali. Ni kikombe kinene chekundu kinachobaki petali zikidondoka. Kimejaa asidi, kina tanini inayokausha ulimi, na rangi yake ni ya aina inayobaki nyekundu penye uchachu lakini hufifia ikichemshwa kwa muda mrefu. Kuichemsha nusu saa ni kuivua manukato yote na kukamua tanini. Gramu 250 kwa lita 20 ni gramu 12.5 kwa lita, na kwa bia nyepesi yenye mwili mdogo hicho ni kipimo cha sharubati. Gramu 6 kwa lita zinatosha kutoa rangi ya waridi iliyokolea na uchachu unaokata kiu.

Inunue ikiwa na vikombe vizima vinavyopinda bila kuvunjika kuwa unga, vyenye rangi ya damu ya mzee. Harufu ya uvundo au nyuzi za ukungu ndani ya kikombe, iache. Mwanjelwa na masoko mengine ya mjini huuza yenye mchanga. Isuuze haraka kwa maji baridi, usiiloweke, kwani rangi hukimbia.

Halafu itengenezwe kama chai, pembeni, bia ikiwa imekwisha kuchacha. Gramu 120 kwa lita 1.8 za maji ya nyuzi 80, sufuria imefunikwa, dakika 20. Joto hilo kwa muda huo huua hamira pori na bakteria wanaoharibu bia, basi shaka ya vumbi la turubai inaishia hapo. Chuja kwa kitambaa kilichochemshwa na usikamue, maana kukamua hutoa tanini na chembe laini, na chembe zikiingia kwenye chupa gesi huzishika na bia huruka kama chemchemi hata ikiwa na gesi ya kawaida. Choya hunywa maji mengi, kwa hiyo utapata karibu lita moja. Kabla ya kumimina yote, jaribu kwenye glasi: mililita 100 za bia na mililita 3 za chai, nyingine 5, nyingine 7. Chagua kwa ulimi, kisha zidisha.

Uchungu wa hopsi na uchachu wa choya hugombana, basi uchungu uwe mdogo. Lakini Mbeya uchungu hupungua wenyewe. Maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, na mabadiliko yanayofanya asidi ya hopsi iwe chungu huenda kwa kasi kama asilimia 60 tu ya ile ya nyuzi 100. Gramu 25 zinazotosha Dar es Salaam zihesabu kuwa 32 Mbeya. Njombe, ambako ni juu zaidi, ongeza kidogo tena.

Neno kuhusu maua mengine

Wanaosoma mapishi ya nje hukuta kamomili mara nyingi, na hapa kuna hatari halisi. Mbeya, Makete na Mufindi hulima pareto, ua lenye petali nyeupe na moyo wa njano ambalo kwa jicho la haraka hufanana na kamomili. Pareto ni malighafi ya dawa ya kuua wadudu, na sumu yake imo ndani ya kichwa cha ua hilohilo. Haiingii kwenye kinywaji, hata punje. Kamomili ya kweli ina kichwa kidogo, hunukia kama tufaha, na ukiipasua katikati kwa wembe kitovu chake ni kitupu ndani kama mrija. Cha pareto kimejaa. Kama ua limefika kwako likiwa limesagika, au muuzaji hajui lilikotoka, usilitumie.

Wala usipande Kitulo kutafuta maua ya bia. Ni Hifadhi ya Taifa tangu 2005, kuchuma humo hakuruhusiwi, na okidi za nyanda hizi tayari zinachimbwa kupita kiasi kwa ajili ya viazi vyake.

Ndoo hiyohiyo, ikipikwa upya

Maji ya bomba yachemshwe dakika 15 jioni ya jana na yaachwe wazi, ili klorini itoke. Ikibaki, hukutana na kimea ikazaa ladha ya dawa ya hospitali. Kimea kiwe kilekile, kilo 3.6, kimevunjwa lakini maganda yabaki. Lita 11 za maji ya nyuzi 73 zikikutana na kimea kilicholala kwenye baridi ya nyuzi 15 hutua kwenye 66. Funga sufuria kwa blanketi zito kwa saa moja, kwa sababu sufuria ya alumini asubuhi ya Juni hupoteza joto haraka. Tone la ayodini ya duka la dawa kwenye kijiko cha maji hayo likibaki na rangi yake ya kahawia, wanga umegeuka sukari. Likigeuka buluu nyeusi, ongeza dakika 15. Chuja, suuza machicha taratibu kwa lita 16 za nyuzi 76, na utapata lita 23 na nusu zinazosoma karibu 1.032. Chemsha dakika 75 bila kifuniko. Hopsi ziingie dakika 60 kabla ya kuzima.

Poza kwenye beseni la maji ya bomba, ukiyabadilisha, na usimamie kipimajoto: ikifika nyuzi 20, toa. Maji ya bomba ya Juni ni baridi kiasi kwamba kazi hii haichukui muda mrefu, na hakuna sababu ya kuiacha hadi asubuhi. Kuanzia hapa kila kinachogusa bia kiwe kimesafishwa kwa dawa au maji yanayochemka. Mimina kwenye ndoo kutoka juu ili itoe povu, funga, tikisa dakika tano kamili. Hamira pakiti nzima, iliyolowekwa kama tulivyoeleza. Kama ndoo yako haiwezi kukaa juu ya nyuzi 18, tumia hamira aina ya Nottingham, ambayo hufanya kazi hata kwenye nyuzi 14 au 15, lakini kipimo cha hotpoti kibaki palepale.

Kupasha ndoo si kazi ngumu. Iinue kutoka kwenye saruji, iweke juu ya ubao, ndani ya beseni la maji. Asubuhi na jioni tumbukiza kwenye maji hayo chupa mbili za lita moja na nusu zilizojazwa maji ya moto, kisha vika blanketi juu ya vyote. Maji ya beseni hayabadiliki joto kwa ghafla kama hewa ya chumba. Usiweke jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa ili kupasha ndoo, hasa kama kuna anayelala humo. Hewa ya mkaa huua watu kila msimu wa baridi.

Siku ya tano, joto lipande hadi 21. Kati ya siku ya kumi na ya 14 usomaji utasimama. Ndipo chai ya choya iingie, na gramu 120 za sukari ya gesi, si 140, kwa lita 18.5. Bia ya vuguvugu imeshika gesi ndogo kuliko ile ya baridi, na hesabu hiyo huleta 2.4, kiasi kinachofaa kwa kimo hiki. Jaza hadi sentimita tatu chini ya kizibo. Chupa za kioo ziwe za bia, zisizo na ufa wala mdomo uliomeguka. Plastiki iwe ya soda, kamwe isiwe ya maji ya kunywa. Weka katoni sehemu yenye nyuzi 20 kwa wiki mbili, kisha mahali pa baridi na giza. Angalau chupa mbili za kila ndoo ziwe za plastiki: ukiibonyeza kwa kidole gumba na ikakataa kuingia kama soda mpya, imeiva. Ikianza kuvimba kitako, zilizobaki zote ziingie kwenye baridi siku hiyohiyo.

Haya yote ni kwa bia ya kunywewa nyumbani na watu wazima. Anayetaka kuuza atafute leseni kwanza.

Chupa 17 zilizosalia

Hazikuguswa mchana. Blanketi zito lilitupwa juu yake, stoo ikafungwa, na kazi ikafanywa alfajiri, saa ya baridi kuliko zote, kwa anayevaa koti zito, glavu za ngozi na miwani ya fundi wa kuchomelea. Chupa moja moja ilitumbukizwa kwenye ndoo yenye maji na barafu kwa saa mbili, kwa sababu gesi iliyopoa hutulia ndani ya bia badala ya kusukuma kioo. Kisha, taulo nene likiwa limeizunguka, kizibo kiliinuliwa kidogo hadi kifyonze, kikaachwa kirudi, kikainuliwa tena, mara sita au saba, na chupa ikafungwa kwa kizibo kipya. Kesho yake ikarudiwa. Tatu zilikuwa na ufa shingoni. Hizo hazikufunguliwa: zilipozwa zaidi, zikafungwa ndani ya gunia na kuvunjwa kwa jiwe, mtu akiwa amesimama nyuma ya ukuta. Zile 14 zilitulia. Ukavu wa tanini haukuondoka, na namna iliyoonekana inanyweka ni kuichanganya nusu kwa nusu na maji ya soda, ikiwa baridi sana.